Sufuria za Mama Zilizovuka kwa Kamba ya Nguo

MAMA KAPATA NYUMBA YA MWAKA MZIMA!!! Mwaka mzima, jamani! Juni imeingia na sisi bado tupo Mjini, ndani ya kuta za mji wa kale, hatujafunga hata mfuko mmoja! Leo asubuhi nimesikia mabegi ya watalii yanagonga ngazi huko chini, ga ga ga ga, nikajifunika shuka nikacheka peke yangu kama chizi. Shuka letu. Siyo la mtu.

Haya, nimetulia. Sijatulia, ila nasimulia.

Mama anaitwa Pave. Kwao ni Konavle, kule mashambani nyuma ya uwanja wa ndege, ila tangu nizaliwe yeye ni mpishi wa chekechea hapa Mjini. Kila mtoto wa Dubrovnik mwenye meno ya maziwa ameshakula supu ya mama. Ni mfupi, ana mikono kama ya mcheza mieleka, na akikasirika hapigi kelele mara moja. Kwanza anakunja taulo. Ukimwona anakunja taulo ambalo limeshakunjwa, kimbia.

Baba yupo Split na familia yake nyingine. Hatumwongelei.

Sasa sikilizeni nyumba za huku zinavyokwenda, na mkisikia meno yanasagika, ni yangu. Oktoba, watalii wakishaondoka, wenye nyumba wanakumbuka kwamba binadamu wapo. Wanampangisha mwalimu, nesi, mpishi, mwanafunzi. Nyumba ina kila kitu, kitanda, masufuria, mpaka picha ya maua ukutani. Unaingia na nguo zako tu. Halafu Mei ikiisha, toka. Watalii wanarudi, na kitanda ulicholalia miezi yote ya baridi kinalipwa kwa usiku mmoja hela ambazo sitaki hata kuzitaja, nitatapika. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Ni neno la mwenye nyumba tu, na neno lake lina miguu.

Mwenye nyumba wetu ni Bwana Orsat. Anakaa kwenye ghorofa jipya kule Lapad, lina lifti. Nyumba ya Mjini alirithi kwa shangazi yake, na hajawahi kulala humo hata siku moja tangu shangazi afe. Ana kijikoti cha rangi ya maziwa na ana tabasamu la kukushika bega. "Pave wangu," anasema, "wewe ni kama familia." Kama familia! Kila Oktoba kabla hatujaingia, Kama-Familia anachukua rimoti ya kiyoyozi, kile kinachotoa na joto, anaondoka nayo mfukoni, tusije tukapata joto. Anatuachia hita ya gesi inayonuka. Mito mizuri na yale mablanketi ya manyoya ya bata anayafungia kwenye kabati la ukutani kwa ufunguo. Sisi tunapewa mito iliyokufa. Na juu ya kochi lake jeupe, ambalo tumekatazwa kukalia na jinzi, kuna kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBANI. Kila nikikiangalia nilikuwa natamani kukitafuna.

Lakini hilo siyo linalonichoma. Linalonichoma ni kiangazi. Tukitoka, tunakwenda kulala kwenye karavani, kile kinyumba cha bati chenye magurudumu, uani kwa mjomba Baldo, kaka yake mama, ndani ni joto mpaka mishumaa inalala yenyewe. Na chekechea likifungwa, mama anafanya kazi ya usafi wa nyumba za watalii. Mnajua anasafisha nyumba ya nani? Sema wewe. Ya Orsat! Mama anapanda ngazi zetu, anaingia kwenye chumba chake, anatoa shuka chafu za watu asiowajua juu ya kitanda chake, anatandika safi, anaweka chokoleti kwenye mto, anashuka kwenda kusubiri basi la kwenda kwenye karavani. Ile mito ya kabatini anaifua yeye. Hajawahi kuilalia.

Nilimuuliza siku moja, "Mama, huumii?"

"Naumia mgongo," akasema. "Shika hiyo kona, vuta."

Mama alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu. Februari tatu ni siku ya Mtakatifu Vlaho, mlinzi wa mji wetu. Vijiji vyote vinashuka na bendera zao, wanaume wanapiga bunduki za baruti mpaka njiwa wanahama, na nyumba zote za Mjini milango iko wazi. Anayeingia anakula. Chakula ni makaroni machafu, ndiyo yanaitwa hivyo, makaroni yaliyovurugwa na rojo la nyama lenye mdalasini na karafuu. Mama huwapikia watu wa kijiji chake, na mjomba Baldo ndiye mbeba bendera, kwa hiyo bendera yenyewe inaingia kwetu. Kwetu kwa Orsat. Na kila mwaka mama alikuwa akisema kitu kilekile huku anakoroga: "Mwanangu Lukre, nataka mara moja tu nifungue mlango huu siku ya Vlaho nikijua hakuna atakayeniambia toka." Basi. Hakuomba jumba. Mlango tu.

Mtu mwingine wa kumjua ni Bibi Jele. Bibi Jele anakaa ng'ambo ya kichochoro, dirisha lake linatazamana na letu, karibu kiasi kwamba akipiga chafya mama anamwambia afya. Nilikuwa nasema ni adui yetu. Kati ya dirisha lake na letu kuna kamba ya nguo inayozunguka kwenye roda mbili, moja kwetu moja kwake. Huwezi kuanika bila mwenzio kukubali, ukivuta huku nguo zinakwenda kule. Wamegombana juu ya kamba hiyo tangu nikiwa na pengo.

"We Pave! Shuka zako zinadondokea sidiria zangu!"

"Hizo ni sidiria, Bibi Jele? Mimi nilidhani matanga ya jahazi!"

"Cheka tu! Na wewe yatakushuka!"

Mume wake alishafariki, mtoto wake Frano yupo Kanada na kazi yake ni kupiga simu Jumapili kumwambia mama yake apangishe watalii. Ghorofa ya juu ya nyumba yake ilikuwa tupu. Siku ya Vlaho alikuwa anafungua mlango kama watu wote, lakini hakuna aliyekuwa anaingia. Kijiji cha mumewe kilishapata nyumba nyingine. Nilikuwa namwona dirishani amevaa vidani vyake vya dhahabu, amekaa na sahani za biskuti, anaangalia watu wetu wanavyopanda ngazi. Nilikuwa namwona na sikuwa nafikiria chochote. Ndiyo hivyo.

Sasa mwaka huu. Januari Orsat akaja, akanishika bega mimi, akamshika bega mama.

"Pave wangu, nina wageni wiki moja ya Februari. Watu wazuri, wa Vienna. Mtatoka kidogo halafu mtarudi."

Mama akachukua taulo.

"Februari ni yangu, Bwana Orsat. Tumekubaliana mpaka mwisho wa Mei."

"Wiki moja tu! Mtu na familia hawashindani kwa wiki moja."

"Wanakuja lini?"

"Baada ya Vlaho. Sikukuu mtakula hapahapa, wewe na watu wako, nakuapia kwa Mtakatifu Vlaho mwenyewe." Akaweka na mkono kifuani! Kwenye kile kijikoti! "Ila msikalie kochi."

Mama akakunja taulo mpaka likawa dogo kama sabuni. Halafu akasema sawa. Nilimkasirikia wiki nzima. Nilimwambia, "Mama, umesema SAWA?" Akaniambia, "Nimepata sikukuu, si nimepata? Menya vitunguu."

Siku ya Vlaho yenyewe tukaenda kanisani kubarikiwa makoo, maana Vlaho ndiye mtakatifu wa makoo. Padri anakuwekea mishumaa miwili shingoni imepishana, anakuombea usiugue koo mwaka mzima. Tukarudi. Rojo lilikuwa limepikwa tangu jana yake, sufuria tatu kubwa za chekechea, kichochoro chote kinanukia karafuu. Mama kavaa vazi lake la Konavle, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi kimesimama kama kadibodi. Alikuwa amependeza jamani.

Mlango ukagongwa. Tukajua ni mjomba Baldo. Nikafungua.

Orsat. Nyuma yake mume na mke wa makamo, wamevaa kofia zinazofanana, na mabegi makubwa yamejaza ngazi yote.

"Pave wangu," anasema, "wamewahi. Wanataka kuona sikukuu. Si unajua wageni."

Mama akasema taratibu, "Mjomba wa mtoto yuko njiani na bendera. Kijiji kizima kiko nyuma yake."

"Watakula sehemu nyingine, leo Mjini milango yote iko wazi!" Akacheka! Alicheka kweli! Kisha akaingia, akatoa ufunguo, akafungua lile kabati mbele yetu, akaanza kutoa mito. "Nisaidie kutandika basi, wewe ndiye unayejua."

Nikamwangalia mama, nikatafuta taulo mikononi mwake. Hakukuwa na taulo. Ndiyo nikaogopa.

"ULIAPA!" Jamani. Lile koo lililobarikiwa asubuhi hiyohiyo. Nadhani na meli bandarini zilisikia. "Uliapa kwa Vlaho! Humu ndani miezi yote nakukaushia kuta zako, nakufutia kuvu nyuma ya makabati, natembea bila viatu nisikwaruze sakafu yako, naganda kwa baridi rimoti umeiweka mfukoni kama mtoto aliyeiba pipi! Na leo unataka nikutandikie? Leo?"

"Punguza sauti, wageni..."

"Wageni nawapenda! Wewe ndiye sikupendi!"

"Basi toka! Nyumba ni yangu! Toka na hayo masufuria, yananukisha kochi! Na Oktoba usirudi!"

Mimi nilikuwa nalia, kwa hasira, siyo kwa huzuni, msinielewe vibaya. Nikakimbilia dirishani kupata hewa. Na hapo dirishani ng'ambo alikuwa amesimama Bibi Jele, vidani vyote shingoni, mikono kiunoni. Kasikia kila neno.

"We Orsat!" akaita. "Orsat mtoto wa Tonka! Hebu toa uso wako nikuone!"

Orsat akatokeza kichwa dirishani kama mwanafunzi. "Habari za sikukuu, Bibi Jele."

"Usinipe habari! Shangazi yako alikuwa anawalisha watu makaroni kwenye chumba hicho mpaka wanakaa kwenye beseni la kuogea kwa kukosa nafasi! Wewe unafukuza watu siku ya Vlaho kwa ajili ya kochi? Mimi nilikufuta makamasi kwenye ngazi hizi. Ningejua ningeyaacha!"

Watu waliokuwa wanapita chini wakasimama. Mmoja akapiga mluzi.

"Pave!" Bibi Jele akaita. "Lete chakula huku."

Mama akaja dirishani, kitambaa kimepinda. "Nitapitaje? Ngazi imejaa mabegi."

"Kamba si ipo hapo puani kwako, mwanamke wewe! Miaka yote unaning'inizia shuka, leo umesahau inaelekea wapi?"

Basi tukachukua kapu la nguo, mama akafunga sufuria ya kwanza kwa mkanda wa vazi lake, akatundika kapu kwenye kamba kwa ndoano za kuning'inizia nyama. Bibi Jele akavuta. Roda zikalia kwii, kwii, kwii. Sufuria ya makaroni ikatoka dirishani, ikaenda angani juu ya vichwa vya watu, inayumba, mvuke unatoka. Chini wote wameinua videvu. Ilipofika kwa Bibi Jele kichochoro kizima kikapiga makofi.

"Ya pili!" akapiga kelele. "Na chumvi imetosha? Nakujua wewe!"

"Imetosha, onja ufe!"

Ya pili ikapita. Ya tatu ikainama katikati, tone moja kubwa la rojo likaanguka, na Orsat alikuwa ameshuka nje kuzuia watu wasipige picha. Siwezi kuwaambia limeangukia wapi. Nawaambia: begani. Pale pale anaposhika watu.

Ndipo ngoma na vigelegele vikasikika chini, na mjomba Baldo akatokea kona na bendera, nyuma yake watu wa kijiji na mavazi yao mekundu na meusi. Mjomba hakujua lolote. Akapanda moja kwa moja mpaka kwenye mlango aliouzoea, akasimama na bendera mbele ya Orsat, akasubiri apishwe.

Hapa ndipo Orsat alipokosea. Hayo mengine yote, kuapa uongo, mito, rimoti, watu wa Mjini wangemsemasema wiki moja wakasahau. Lakini yeye aliyezaliwa ndani ya kuta hizi, akaangalia bendera usoni, akaweka mkono mlangoni, akasema, "Siyo hapa."

Bendera haifukuzwi. Hata mlevi anajua. Mjomba Baldo, ambaye ana mwili kama mlango wa ghala, akauangalia ule mkono. Akageuka polepole, maana bendera ni ndefu na kichochoro ni chembamba, na watu wote ikabidi wainame ipite juu yao. Ng'ambo, Bibi Jele alikuwa ameshashuka mlangoni kwake.

"Karibu," akasema. Bendera ikaingia kwake. Alikuwa anafuta macho kwa kidani, yaani kwa dhahabu, kitambaa hakukiona.

"Unalia nini," mama akamwambia alipofika na mimi na mifuko yetu, "chakula kinapoa."

"Silii. Ni karafuu zako, umezidisha."

Tulijaa humo kama dagaa. Nyimbo, divai, watoto chini ya meza. Na mlango wazi. Kidogo kidogo zikaingia kofia mbili zinazofanana. Wageni wa Vienna! Yule mke akasema kwa lugha yetu, kwa shida, "Tunaweza?" Mama akawapa sahani zilizojaa mpaka mume akaita "mamma mia" kama Mwitaliano.

Halafu mlangoni akasimama Orsat. Bila kijikoti. Watu wakaacha kula. Nilitamani mjomba amwinue amrushe kwenye kisima cha mji, na nasema ukweli, bado natamani. Lakini siku ya Vlaho anayeingia anakula. Mama akapakua sahani, akaenda, akaibamiza mezani mbele yake mpaka uma ukaruka.

"Kula," akamwambia. "Leo ni sikukuu. Kesho nitakwambia unachostahili."

Akala. Na kesho yake mama akaenda Lapad, akapanda ile lifti, akamwambia. Mimi sikuwepo, ila wanasema ghorofa zote zilinufaika. Akamrudishia na ufunguo, na akamwambia kiangazi atafute mtu mwingine wa kutandika.

Sisi tulikuwa tulale kwa Bibi Jele siku mbili. Siku ya tatu mama akaanza kufunga mifuko.

"Unakwenda wapi?" Bibi Jele akauliza.

"Kwa kaka yangu. Kwenye karavani."

"Februari? Kwenye bati? Na juu kuna nini? Juu kuna nyumba nzima inaliwa na nondo."

"Frano anataka watalii."

"Frano anataka! Frano aje apande ngazi hizi na mifuko yangu ya viazi, halafu ndiyo atake!" Na Jumapili simu ilipolia nikasikia kwa masikio yangu: "Nimepangisha. Ndiyo. Hapana, siyo kiangazi. Mwaka mzima. Miaka yote. Kwa watu. WATU, Frano, unawakumbuka?" Akakata. Halafu akamgeukia mama: "Utalipa kama ulivyokuwa unalipa baridi, na kiangazi hivyohivyo. Na kamba ni yangu Jumatatu na Alhamisi."

"Jumatatu ni yangu!" mama akasema.

"Basi tutagombana."

Ndiyo tunavyoishi. Wanagombana kila Jumatatu. Kochi la huku juu ni la kahawia, limechanika, tunalikalia na jinzi, na mimi nalikalia na pizza. Hakuna kibao ukutani. Kiangazi hiki mama yupo jikoni kwenye mgahawa hapo chini ya ngazi, hatandiki shuka za mtu wala hafui. Kule ng'ambo kwa Orsat wanabadilishana wageni kila baada ya siku chache, wanaanika mataulo kwenye kamba yetu, na Bibi Jele anapanga matanga yake katikati kabisa ya mandhari yao, makusudi, na wanapiga picha hivyohivyo.

Lakini hasira haijaisha. Jana mwalimu wangu wa hesabu nimemkuta ngazini na masanduku na paka ndani ya kapu. Mei imeisha. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema "kwa rafiki" na hakuniangalia. Huyu mtu ndiye anayefundisha watoto wa hao hao wanaomtoa. Nesi wa zahanati naye keshatoka. Madirisha yote haya, na sisi wenye mji tunapita chini yake na mifuko.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu. Kama umeisoma mpaka hapa, mtumie mwenzio, hasa kama unamjua mtu mwenye nyumba yenye ghorofa tupu. Tafadhali itume.